Kiwi hiki, kiwi hii, kiwi huyu

Neno kiwi lilikuwa na kazi yake katika Kiswahili kabla meli yoyote haijashusha makasha ya dawa ya viatu katika bandari ya Mombasa au Dar es Salaam. Kiwi ni ile hali ya macho kushindwa kuona kwa muda kwa sababu ya mwanga mkali, na kila aliyetoka chumba chenye giza akakutana na jua la saa saba linalopiga juu ya mchanga mweupe au juu ya mabati mapya anaijua vizuri. Tunasema kwamba macho yameingia kiwi, au kwamba taa imemtia mtu kiwi, na wazee wa pwani hupenda kulitaja neno zima, kiwi cha macho, ili msikilizaji asiwe na shaka. Ni neno fupi, lenye ngeli yake ya KI-VI iliyo wazi, na kwa maoni yangu ni miongoni mwa maneno yanayofanya kazi kubwa kuliko umbo lake, kwa kuwa mwandishi anayelikosa hulazimika kutumia sentensi nzima kuieleza hali ambayo mvuvi au dereva huitaja kwa neno moja.

Madereva ndio wanaolihitaji zaidi siku hizi. Ndani ya jicho, kwenye utando wa nyuma unaopokea picha, kuna kemikali inayohisi mwanga hafifu, na mwanga mkali unapoingia ghafla kemikali hiyo huvunjika, kisha mwili huchukua muda kuiunda upya. Jicho la mtu mzima aliyetoka kwenye mwanga mwingi huweza kuhitaji dakika 20 hadi 30 kabla ya kuzoea giza kikamilifu. Kwa hiyo anayeendesha gari usiku katika barabara ya Morogoro, akakutana na lori ambalo dereva wake amekataa kushusha taa, huendelea kuwa nusu kipofu hata baada ya lori lenyewe kupita. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa humaliza mita 22 kila sekunde, na katika mita hizo 22 anaweza kuwapo mwendesha baiskeli asiye na taa, au punda, au trekta lililoharibika na kuwekewa matawi ya miti badala ya kibao cha tahadhari. Kiwi hiki si jambo la ushairi hata kidogo.

Ushairi nao una kiwi chake. Katika Kiswahili cha kale kulikuwa na kivumishi chenye mzizi -wi, kilichomaanisha -baya au -ovu, na washairi walikitumia kama kinyume cha -ema: watu wema na watu wawi, mambo mema na mambo mawi. Kivumishi hicho kikifuata jina la ngeli ya KI-VI huwa kiwi, yaani kitu kiwi ni kitu kibaya. Leo mzungumzaji wa kawaida halitumii umbo hilo, lakini anayesoma tenzi atakutana nalo, na akilidhani ni lile la macho atapotea njia katikati ya ubeti. Huo ni uhusiano wa maumbo tu, wala sidai kwamba neno moja lilizaa jingine.

Nimeingia katika mambo haya kwa sababu ya daftari la mpwa wangu, aliyeandika katika zoezi la kutunga sentensi kwamba kiwi kilimfanya mzee ajikwae mlangoni. Sentensi ilipigwa mkasi kwa kalamu nyekundu, na pembeni pakaandikwa kwamba kiwi ni tunda na kwamba tunda haliwezi kumfanya mtu ajikwae. Hata tukiliacha lile swali la kama tunda laini lililoanguka sakafuni laweza kumwangusha mzee, ilinishangaza kwamba maana iliyotangulia kwa vizazi kadhaa ilikuwa imesahauliwa na mtu anayefundisha lugha, na kwamba nafasi yake ilikuwa imechukuliwa na tunda ambalo wengi wetu tulilionea katika maduka makubwa tukiwa tayari ni watu wazima. Nikamwambia binti kwamba neno lake lilikuwa sahihi, kisha nikajikuta namweleza maana nyingine moja baada ya nyingine, zote zikiwa zimetoka kwa ndege mmoja asiyeruka wa Nyuzilandi ambaye katika nyumba yetu hakuna aliyewahi kumwona.

Kwa kizazi changu, kiwi ya kwanza kutoka nje haikuwa ndege wala tunda. Ilikuwa dawa ya viatu. Wenzetu wa Kenya husema rangi ya viatu na sisi husema dawa ya viatu tunapotaka kusema kwa utaratibu, lakini dukani mtoto alitumwa kiwi, kiwi nyeusi au kiwi ya kahawia, na muuza duka alitoa kopo la kampuni yoyote aliyokuwa nayo bila kuulizwa zaidi. Jina la bidhaa moja lilikuwa limegeuka kuwa jina la bidhaa zote za aina yake, jambo ambalo limetokea pia kwa Omo na Blue Band na Colgate, na mtu aliweza kusema bila kuona ajabu kwamba kiwi ya kampuni fulani ni nzuri kuliko Kiwi yenyewe. Kutokana na jina hilo tukapata kitenzi, kupiga kiwi, na mtu wa kazi hiyo, mpiga kiwi, anayekaa kwenye kona ya mtaa na kisanduku chake, brashi mbili na kitambaa, huku mteja akisoma gazeti mguu ukiwa juu ya kisanduku.

Shule ya bweni ndiyo iliyotufundisha thamani yake. Jumatatu asubuhi palikuwa na ukaguzi wa usafi, na kopo moja lililonunuliwa na mwanafunzi mmoja liligawanywa kwa bweni zima kwa utaratibu wa kudai na kulipana ambao ulikuwa mkali kuliko wa benki. Kiwi iliyokauka na kupasuka vipande ilipashwa moto kwa kiberiti mpaka ikayeyuka, kazi ya hatari kwa kuwa ndani yake mna viyeyushi vinavyoshika moto upesi, na waliobobea walidondosha matone machache ya maji juu ya ncha ya kiatu, wakasugua kwa kitambaa laini kwa mizunguko midogo, mpaka ngozi ikawa inaonyesha sura ya mtu. Siri ya mng'ao huo ni nta. Dawa ya viatu ya aina hiyo ni mchanganyiko wa nta, viyeyushi na rangi. Kiyeyushi huifanya nta iwe laini kiasi cha kupakwa, kisha huruka hewani na kuacha tabaka gumu juu ya ngozi, na nta inayosifika kwa ugumu na mng'ao hutoka kwenye majani ya mti wa jamii ya minazi unaoota Brazili. Kopo likiisha halikutupwa. Lilijazwa mchanga, likafungwa, na wasichana wakalitumia kwa kulisukuma kwa mguu mmoja katika mchezo wa kuruka vyumba vilivyochorwa chini.

Kiatu kilichopigwa kiwi vizuri kikiwekwa juani kilitia macho kiwi, na utani huo tulikuwa nao shuleni bila kujua kwamba maneno hayo mawili hayana udugu wowote. Kinachoyatenganisha kwa mzungumzaji wa Kiswahili ni upatanisho wa kisarufi. Kiwi cha macho ni hiki, kinaumiza, kimepita. Kiwi ya viatu ni hii, imeisha, imekauka. Mwalimu aliyepiga mkasi sentensi ya mpwa wangu angesoma kile kiambishi ki- katika kitenzi kabla ya kuhukumu nomino, angejua mara moja kwamba mtoto hazungumzii kitu cha dukani.

Jina la dawa hiyo lilitoka Australia, na wengi hudhani lilitoka Nyuzilandi. William Ramsay, aliyezaliwa Uskoti na kuhamia Australia na wazazi wake, alishirikiana na Hamilton McKellan katika jiji la Melbourne, na mwaka 1906 wakaanza kuuza dawa ya viatu ambayo Ramsay aliipa jina la ndege wa nchi ya mke wake, Annie Meek, mwanamke wa mji wa Oamaru katika Kisiwa cha Kusini cha Nyuzilandi. Kwa maana hiyo kopo tulilogombania bwenini lilikuwa zawadi ya mume kwa mkewe, ingawa sijui ni wanawake wangapi wangefurahi kuona jina la kwao limebandikwa kwenye buti. Ramsay alifariki mwaka 1914, mwaka uleule ambao Vita Kuu ya Kwanza ilianza, na vita hiyo ndiyo iliyoisambaza bidhaa yake duniani: mamilioni ya wanajeshi wa Dola ya Uingereza, na baadaye wa Marekani, walikuwa na buti za ngozi zilizotakiwa kukaa muda mrefu kwenye matope na bado zing'ae siku ya gwaride. Tangu hapo kampuni imebadilisha wenyewe zaidi ya mara moja, na tangu mwaka 2011 jina hilo limekuwa mikononi mwa kampuni ya Marekani ya SC Johnson.

Vita hiyohiyo ndiyo iliyoimarisha maana nyingine, ile ya kuwaita watu wa Nyuzilandi Kiwi. Ndege huyo alikwishaonekana kwenye nembo za vikosi na kwenye katuni za magazeti kama alama ya nchi, lakini ni katika mahandaki na kambi za Ulaya ambako askari wa nchi hiyo walikuja kujulikana kwa jina lake, na wao wenyewe wakalipokea kwa furaha, jambo ambalo si la kawaida kwa majina ya utani yatolewayo na wengine. Ushahidi wake bado uko ardhini nchini Uingereza. Vita ilipokwisha, maelfu ya askari wa Nyuzilandi waliokuwa kambi ya Sling, karibu na Bulford, walikaa wakisubiri meli za kuwarudisha kwao, na mwaka 1919, katika hali ya hasira na uvivu iliyofikia hatua ya ghasia, wakapewa kazi ya kuchonga umbo la ndege kiwi kwenye mteremko wa kilima chenye udongo mweupe wa chokaa. Umbo hilo ni kubwa kiasi cha kuonekana kutoka mbali. Na kwa miaka mingi baadaye aliyelipia kazi ya kulisafisha lisimezwe na nyasi ni kampuni ya dawa ya viatu, kwa hiyo ndege, askari na kopo walikutana mahali pamoja, maelfu ya kilomita kutoka msitu ambamo ndege huyo anaishi.

Watanzania na Wakenya wa rika la wazazi wangu wana sababu yao ya kuwakumbuka Kiwi hao, nayo haihusiani na buti za kijeshi. Tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Christchurch, Filbert Bayi wa Tanzania aliongoza mbio za mita 1500 tangu mlio wa bastola, akaongeza mwendo wakati ambapo wakimbiaji wengine walikuwa wamezoea kusubiriana, na akamaliza kwa dakika 3 sekunde 32.16, rekodi mpya ya dunia. Aliyemfukuza mpaka hatua za mwisho, mbele ya mashabiki wa nyumbani kwake, alikuwa John Walker wa Nyuzilandi, ambaye naye alimaliza kwa 3:32.52, muda uliokuwa chini ya rekodi ya zamani, na wa tatu akawa Ben Jipcho wa Kenya kwa 3:33.16. Baba yangu aliyapata matokeo hayo kwenye redio, na mpaka leo akisikia nchi ya Nyuzilandi inatajwa humkumbuka Walker kabla ya kukumbuka kondoo au raga. Mwaka uliofuata Bayi alivunja rekodi ya maili moja kwa kukimbia dakika 3 na sekunde 51, na miezi michache baadaye Walker akamnyang'anya, akawa mtu wa kwanza kukimbia maili chini ya dakika 3 na sekunde 50.

Dunia ilisubiri wakutane tena katika Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, na hawakukutana. Timu ya raga ya Nyuzilandi ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini katika majira yaleyale ambayo watoto wa Soweto walikuwa wakipigwa risasi. Nchi za Afrika zikataka Nyuzilandi iondolewe katika michezo, Kamati ya Olimpiki ikajibu kwamba raga haikuwa mchezo wa Olimpiki, na zaidi ya nchi ishirini, Tanzania na Kenya zikiwamo, zikabaki nje. Walker alishinda medali ya dhahabu kwa dakika 3 na sekunde 39.17, muda wa polepole sana ukilinganishwa na ule wa Christchurch. Naona uamuzi ule ulikuwa wa haki, na naona pia kwamba Bayi aliulipia kwa gharama ambayo hakuna kiongozi aliyeilipa.

Baada ya hapo ndipo linapokuja tunda, lililo changa kuliko wote kwa jina ingawa lenyewe lina historia ndefu. Asili yake ni Uchina, ambako huota mwitu kama mtambaazi wa misituni na huitwa mihoutao, jina linalolihusisha na nyani na pichi. Mwaka 1904 mwalimu mkuu wa shule ya wasichana ya Wanganui, Isabel Fraser, alirudi Nyuzilandi kutoka Yichang, alikokuwa amekwenda kumtembelea ndugu yake mmisionari, akiwa na mbegu chache. Mbegu hizo zikamfikia mkulima Alexander Allison, na mimea ikazaa kwa mara ya kwanza mwaka 1910. Baadaye mwenye kitalu mmoja wa Auckland, Hayward Wright, akachagua mche uliozaa matunda makubwa yanayokaa muda mrefu bila kuoza, na mpaka leo tunda la kijani tunaloliona madukani kwa kawaida ni la aina inayobeba jina lake. Kwa nusu karne watu wa Nyuzilandi waliliita kwa jina la kuonyesha kwamba ni tunda la Kichina. Walipotaka kuliuza Marekani jina hilo likawa tatizo la kibiashara. Likapendekezwa jina lililofanana na neno la tikiti, likakataliwa kwa kuwa matikiti yalitozwa ushuru mkubwa wa forodha, na mwaka 1959 kampuni ya Turners and Growers ya Auckland ikachagua jina la ndege wa taifa, ambaye kwa bahati nzuri naye ni mdogo, wa kahawia, mwenye manyoya yanayofanana na nywele. Kwa hiyo lile tunda lilipewa jina na wafanyabiashara, wala hakuna mkulima wa Uchina aliyeulizwa, ingawa nchi hiyo sasa ndiyo inayolima mengi kuliko nyingine yoyote.

Mtu wa Nyuzilandi hasemi kwamba amekula kiwi. Kwake huyo ni ndege anayelindwa na sheria, au ni jirani yake, na tunda lazima liongezewe neno la tunda. Nadhani Kiswahili kingefaa kufuata njia hiyohiyo, kwa kuwa tunda la kiwi halimchanganyi mtu, na pia linatuondolea mzozo wa ngeli ambao nimeusikia sokoni Kariakoo, ambako muuzaji mmoja alisema kiwi hizi ni za leo, mwenzake akasema hivi viwi, na wa tatu akasema makiwi, kila mmoja akiwa na sababu yake isiyo mbaya.

Wapandao mimea watavutiwa na jambo moja, kwamba mti wake una dume na jike katika mashina tofauti kama ulivyo mpapai wetu, na shamba lisilo na madume ya kutosha halizai, hata likihudumiwa vipi. Wapishi nao watatambua ufanano mwingine na papai: tunda la kiwi lina kimeng'enya kinachovunja protini, hivyo vipande vyake vikikaa na nyama ngumu huilainisha kama lifanyavyo papai bichi, na jeli iliyowekewa tunda hilo likiwa bichi hukataa kuganda. Zaidi ya hayo sina sifa nyingi za kulipa. Wauzaji hulisifu kwa vitamini C, na kweli inayo, lakini pera la kawaida lililoanguka uani kwa jirani linayo zaidi ya mara mbili kwa uzito uleule, na halijasafirishwa kwa ndege wala kwa meli yenye barafu.

Nimemwacha mwenye jina mpaka sasa kwa sababu ndivyo alivyotufikia sisi, akiwa wa mwisho, baada ya vitu vyote vilivyoitwa kwa jina lake. Kiwi huyu, ambaye kwa kuwa ana uhai huchukua upatanisho wa huyu na hawa, ni ndege wa ukubwa wa kuku, wa spishi tano, na jina lake ni la Kimaori, ambalo wengi huamini limeiga mlio wa dume usiku. Hana mkia, na mabawa yake ni vijiti vidogo vilivyofichika ndani ya manyoya. Alikua katika visiwa visivyokuwa na mamalia wa nchi kavu isipokuwa popo, na kwa kukosa washindani akachukua kazi ambayo kwingine hufanywa na wanyama wadogo wa usiku: hutembea gizani akichomachoma udongo kwa mdomo mrefu akitafuta minyoo na wadudu. Matundu ya pua yake yako kwenye ncha ya mdomo, jambo ambalo halipo kwa ndege mwingine yeyote, kwa hiyo hunusa chakula chini ya ardhi badala ya kukiona. Wamaori walifuma majoho ya heshima kwa manyoya yake, na majoho hayo huhesabiwa hadi leo kuwa miongoni mwa hazina zao kubwa.

Macho yake ni madogo na hayana kazi kubwa. Watafiti waliowapima kiwi 160 wa aina ya rowi, waishio katika msitu wa Okarito, waligundua kwamba karibu theluthi moja walikuwa na majeraha au kasoro katika macho, na watatu walikuwa vipofu kabisa, hali wamenona na wana afya njema. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2017. Ndege asiyehitaji kuona ni nadra. Hata hivyo mwanga mkali humsumbua, na mwaka 2023 watu wa Nyuzilandi walikasirika walipoona video ya bustani ya wanyama ya Miami, Marekani, ambamo kiwi mmoja aitwaye Paora alikuwa akitolewa chini ya taa kali ili wageni wampapase. Bustani iliomba radhi na kuisimamisha shughuli hiyo. Ni sisi tu, kati ya mataifa yote yaliyoisimulia habari ile, tuliokuwa na lugha ya kusema kwamba kiwi katiwa kiwi.

Jike hutaga yai ambalo uzito wake huweza kufikia hata moja ya tano ya uzito wake mwenyewe, na katika baadhi ya spishi dume ndiye anayelilalia, kwa siku 70 mpaka 90. Mtoto hutoka na kiini kikubwa cha yai tumboni, hulishwa nacho siku za mwanzo, kisha hujitafutia bila kufundishwa. Hapo ndipo anapokutana na vicheche walioletwa kutoka Ulaya katika karne ya 19 ili kupunguza sungura. Katika misitu isiyolindwa ni kama watoto watano tu kati ya mia wanaofikia utu uzima. Mkubwa anaweza kumkabili kicheche kwa miguu yake yenye nguvu, lakini hana kinga mbele ya mbwa, kwa kuwa mfupa wake wa kifua hauna ule ukingo unaoshikilia misuli ya kurukia, na mbwa akimbana hata kwa kucheza humuua. Wamebaki kama 70,000. Kuna maeneo ambako mitego imeondoa vicheche na idadi inapanda, na mwezi Novemba 2022 ndege 11 waliachiwa katika vilima vya pembezoni mwa Wellington, mji mkuu, ambako walikuwa wametoweka kwa zaidi ya karne moja.

Jamaa zake wa karibu hawako Nyuzilandi. Kwa muda mrefu wataalamu walidhani kwamba kiwi ni ndugu wa moa, ndege mkubwa asiyeruka wa visiwa hivyohivyo aliyemalizwa na wawindaji karne nyingi zilizopita, au wa emu wa Australia. Mwaka 2014 vinasaba vilivyotolewa katika mifupa ya kale vilionyesha jambo ambalo wengi hawakulitarajia: ndugu wa karibu kuliko wote alikuwa Bukini, yaani Madagaska, safari fupi ya meli kutoka Komoro. Huyo ni ndege-tembo, aliyeweza kufikia kimo cha mita 3 na uzito wa mamia ya kilo, na aliyetaga mayai makubwa kuliko ya ndege yeyote anayejulikana. Vipande vya maganda yake bado huokotwa katika fukwe za kusini mwa kisiwa hicho, ingawa mwenyewe alitoweka karibu miaka elfu moja iliyopita. Bukini na Nyuzilandi zilitengana na bara kuu la kale kwa nyakati tofauti, mapema mno kuliko wakati ambao ndege hawa wawili waliachana kinasaba, na hapakuwa na nchi kavu ya kuwavusha. Maelezo yanayobaki ni kwamba wazee wao walivuka bahari kwa mabawa, kisha kila ukoo ukaacha kuruka baada ya kufika, mmoja ukawa mkubwa kupita mbuni na mwingine ukabaki na kimo cha kuku. George Shaw, aliyempa kiwi jina la kisayansi la Apteryx mwaka 1813, yaani asiye na bawa, alikuwa na ngozi moja tu iliyokauka mezani, na jina alilotoa lilimfaa ndege aliyemwona, si yule aliyetua pwani ya Nyuzilandi mamilioni ya miaka kabla yake.